Jina la Mungu si la Kuazimwa

Siku moja, msimu wa korosho ulipokuwa umekwisha anza, tuliitwa kwenda Mkomaindo. Wasomaji wetu wa Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa Mkomaindo ni wapi. Kwa wale walio mbali yafaa kusema kwamba ni hospitali ya Masasi, iliyoanzishwa na misioni ya Kianglikana, nayo leo ni hospitali ya Serikali. Hapo hulala Mkristu na Mwislamu, Mmakua, Mmakonde na Myao, kitanda kwa kitanda, wala hakuna aulizwaye amebatizwa wapi kabla ya kupewa dawa.

Mzee mmoja alikuwa amefariki usiku. Jina lake hatutalitaja, wala kijiji chake. Katika ujana wake alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, akazaa watoto. Mke wake alipokufa alioa mke Mwislamu, akazaa wengine, na katika miaka yake ya mwisho watu walimwona akienda msikitini siku za Ijumaa. Basi asubuhi ile, nje ya hospitali, jamaa walikuwa wamekwisha gawanyika mikeka miwili. Mkeka mmoja walikaa watoto wa mke wa kwanza, wakisema baba yao ni Mkristu na lazima azikwe na Padre. Mkeka wa pili walikaa watoto wa mke wa pili pamoja na Shehe, wakisema baba yao ni Mwislamu na jua halipaswi kuchwa hajazikwa. Marehemu mwenyewe alikuwa ndani, amenyamaza.

Nasi hatukwenda mikono mitupu. Tulikuwa na kitabu cha Ubatizo kwapani. Twaungama mbele ya wasomaji kwamba njiani tulikuwa tumekwisha tafuta ukurasa, tukaweka kijikaratasi, ili tukifika tuufunue mara moja na kushinda.

Tulipokuwa tumeketi tukingoja, kijana mmoja wa sekondari, mjukuu wa marehemu, alitusogelea akasema kwa sauti ya chini: “Baba Padre, unisamehe. Je, si kweli wasemavyo watu kwamba dini ndizo zinazowagombanisha wanadamu? Babu angekuwa hana dini yo yote, saa hizi angekwisha zikwa.”

Hatukumjibu vema siku ile. Makala hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Kwanza yatupasa kuyaweka kando majibu mawili yaliyo mepesi mno. La kwanza ni letu sisi watu wa dini. Tunapoulizwa juu ya vita vilivyopiganwa kwa jina la Mungu, hufanya haraka kusema: wale hawakuwa waumini wa kweli, dini ya kweli haina lawama. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini hutumiwa kama mkulima atumiavyo mpaka wa shamba: mahindi yote ni yangu, magugu yote ni ya jirani. Tukijihesabia watakatifu wetu wote, basi haki yataka tujihesabie na wakosaji wetu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilijua hilo, ndiyo maana tarehe 12 Machi 2000, katika Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, aliomba msamaha hadharani kwa ajili ya wana wa Kanisa waliotumia nguvu wakidhani wanaitumikia kweli. Hakusema, “Hao hawakuwa wetu.”

Jibu jepesi la pili ni la wale wasemao: ondoeni dini, mtapata amani. Nalo halisimami. Karne ya 20 iliona serikali zilizoapa kuing'oa dini kabisa, kama ile ya Stalin huko Urusi na ile ya Khmer Rouge huko Kambodia kati ya mwaka 1975 na 1979. Makanisa, misikiti na mahekalu yalifungwa, lakini makaburi hayakupungua. Mwanadamu aliyepokonywa dini hakuacha kuua. Alijitafutia jina jingine la kuulia.

Basi dini ina sehemu gani katika magomvi ya watu? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta. Nchi yetu hii ya kusini ina vitabu vyake, vingine vimeandikwa kwa majivu.

Mwaka 1905 Wadachi walikuwa wametawala kwa miaka kadhaa. Kodi ilidaiwa, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya amri, na viboko vilikuwa chakula cha kila siku. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alitangaza habari za pepo na akagawa maji ambayo, watu waliambiwa, yangegeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Kinjikitile alinyongwa mapema mwezi wa Agosti mwaka ule, lakini maji yalikuwa yamekwisha enda mbele. Katikati ya mwezi huo Baba Askofu Cassian Spiss, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa njiani katika nchi ya Liwale. Kabla ya mwezi kwisha, misioni za Lukuledi na Nyangao zilikuwa zimechomwa moto, na misioni ya Kianglikana ya Masasi kadhalika. Na tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, watu walioyaamini maji waliikabili bunduki ya mtombo wakaanguka kama mtama mbele ya mundu.

Je, dini ndiyo iliyoleta vita ile? Wako wamisionari wa wakati ule walioandika kwamba yote yalikuwa kazi ya waganga na ushirikina. Hilo si kweli. Maji hayakuilima pamba wala hayakumpiga mtu kiboko. Uchungu ulikuwapo kabla ya maji. Lakini vilevile hatuwezi kusema kwamba dini haikuwa na kazi yo yote. Uchungu wa Mmatumbi, wa Mngindo na wa Mngoni ulikuwa uchungu wa watu mbalimbali wasioaminiana. Ni maji yaliyowafunga pamoja kwa kiapo kimoja, na ni maji yaliyomfanya mtu aikimbilie risasi badala ya kuikimbia. Bila uchungu, maji yangebaki kuwa dawa ya mganga mmoja. Bila maji, uchungu ungebaki kuwa manung'uniko ya kila kijiji peke yake.

Tusidhani kwamba upande wa pili ulikuwa safi. Watawala waliojiita Wakristu walijibu kwa kuchoma vijiji na mashamba na ghala za chakula, ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na bunduki. Serikali ya Wadachi yenyewe ilitaja watu wapatao 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wametaja hata 250,000 au 300,000. Nasi watu wa misioni tuna la kuungama. Huko Ungoni mmisionari alikuwa amekichoma moto kibanda cha mahoka cha Mputa, mmoja wa wakubwa wa Wangoni, akidhani anaitumikia Injili. Anayechoma patakatifu pa mwenziwe asishangae sana siku moshi utakapotoka nyumbani kwake. Hatusemi hivyo ili kuhalalisha damu ya Baba Askofu Spiss na wenziwe. Twasema hivyo kwa sababu kumbukumbu ya nusu ni uongo.

Mfano wa pili ni wa Uganda, nao watuhusu sisi Wakristu peke yetu. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Tukumbuke vema kwamba pale Namugongo, mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa katika moto mmoja. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 wa kwetu mwaka 1964, hakuwasahau wenzao Waanglikana waliokufa kwa jina lile lile la Kristu. Sasa ndugu msomaji, hesabu miaka. Tangu moto wa Namugongo hadi tarehe 24 Januari 1892 haijatimia hata miaka 6. Siku ile, juu ya vilima vya Mengo na Rubaga, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki, na Lugard wa kampuni ya Kiingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya mtombo. Waliokuwa wamekufa pamoja, ndugu zao sasa wakauana.

Ni nini kilichoingia katikati? Je, mafundisho juu ya Ekaristi au juu ya Bikira Maria yalikuwa yamebadilika katika miaka ile? Sivyo. Kilichoingia ni vyeo. Kabaka Mwanga alipoondolewa, kisha akarudishwa kwa msaada wa Wakristu, ukuu wa nchi uligawanywa kwa dini: cheo hiki cha Wakatoliki, kile cha Waprotestanti, na ardhi yake na watu wake. Tangu hapo, mtu akibadili dini, cheo na shamba navyo vilikuwa mashakani. Watu hawakuitana tena kwa imani zao. Waliitana Wafransa na Waingereza. Katekisimu ilikuwa imegeuzwa kuwa hati ya shamba.

Hapa ndipo tunapoanza kuona jibu la yule kijana. Lakini tuvuke kwanza mto Ruvuma, maana kidonda cha huko kingali kibichi na damu yake imetudondokea.

Tarehe 5 Oktoba 1917, wazee wetu walikuwa wakikimbia vita vya Waingereza na Wadachi. Siku chache baadaye, pale Mahiwa karibu na Nyangao, mataifa mawili yaliyojiita ya Kikristu yaliuana siku 4 mfululizo, na Waafrika wa pande zote wakafa pamoja nao. Tarehe hiyo hiyo, miaka 100 baadaye, yaani 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Walijiita wapiganaji wa Uislamu. Tangu siku ile maelfu wameuawa na mamia ya maelfu wameyakimbia makwao. Mwezi wa Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, vijana zaidi ya 50 waliuawa kwa kuwa walikataa kujiunga na wauaji. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, mkoani Mtwara, kilivamiwa na kuchomwa. Mwezi wa Machi 2021 ilikuwa zamu ya mji wa Palma. Na usiku wa tarehe 6 Septemba 2022, Sista Maria De Coppi, mmisionari mzee aliyeishi Msumbiji karibu miaka 60, aliuawa katika misioni ya Chipene, jimbo la Nampula.

Wamakonde wa Newala wana ndugu ng'ambo ya mto. Wengi wa ndugu hao ni Wakatoliki. Majirani zao Wamwani wa pwani ni Waislamu. Ni rahisi mno basi kusema: Waislamu wanawapiga Wakristu. Lakini tazama vizuri. Viongozi wa Waislamu wa Cabo Delgado walikuwa wameionya Serikali juu ya kundi lile kabla risasi ya kwanza haijalia, na Waislamu waliochinjwa katika vita ile ni wengi sana. Tena tazama chini ya ardhi. Mwaka 2009 yaligunduliwa mawe ya rubi karibu na Montepuez, na mwaka 2010 gesi nyingi baharini. Wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa nguvu, wanavijiji wa Afungi wakahamishwa kupisha mitambo ya gesi, na vijana wa pwani wakaona magari ya kampuni yakipita mbele ya nyumba zao bila kusimama. Wamwani walihesabu kwamba matunda ya uhuru yalikwenda kwa Wamakonde, wenye wazee wa vita vya ukombozi na wakubwa serikalini. Uchungu ulikuwapo. Kisha akaja mtu na kitabu, akauambia uchungu ule: nitakupa jina.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu. Dini, mara nyingi, siyo inayochokoza ugomvi. Ugomvi huchokozwa na ardhi, na cheo, na kodi, na dharau, na kisasi cha zamani. Lakini dini huweza kuuazima ugomvi jina lake. Na siku ugomvi unapolivaa jina la Mungu, hubadilika tabia.

Hubadilika namna gani? Twaombe msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo penye moyo wa jambo. Shamba laweza kugawanywa. Watu wawili wakigombea mikorosho 40, mzee mwenye busara atawapa 20 kwa 20, au 25 kwa 15, nao watanung'unika lakini watakwenda nyumbani. Cheo chaweza kupokezanwa. Fedha yaweza kulipwa kidogo kidogo. Lakini Mungu hagawanyiki. Mtu aliyesadiki kwamba anagombea heshima ya Mungu hawezi kukubali nusu. Kukubali nusu kwake ni kukufuru. Mpatanishi anaonekana msaliti. Adui si mtu tena aliyekosea hesabu ya mipaka. Ni adui wa Mungu, na kumhurumia huonekana kuwa ni kumwasi Mungu. Na mwenye kufa katika ugomvi ule hahesabu hasara, kwa kuwa ameahidiwa malipo ng'ambo ya kaburi. Kwa ufupi, dini huuondolea ugomvi breki zote.

Ndiyo maana watu wenye tamaa hupenda sana kuja kuazima kwetu. Hawaji kuomba sala. Huja kuomba jina. Mwanasiasa huja na bati za kanisa au zulia la msikiti. Mwenye kesi ya ardhi huja akilia kwamba ameonewa kwa sababu ya imani yake. Mfanyabiashara huja akituonya juu ya mshindani wake wa dini nyingine. Nasi, kwa kuwa twapenda kuona dini yetu ikikua na kuheshimiwa, twakubali bila kuuliza deni litalipwa na nani. Hatia yetu ni hapo. Mwazimaji ana dhambi yake. Lakini mwenye kuazimisha kitu kisicho chake ana dhambi kubwa zaidi, na jina la Mungu si letu.

Hata mitume walijaribiwa hivyo. Yakobo na Yohane, walipokataliwa kupita katika kijiji cha Wasamaria, walimwomba Bwana ruhusa waite moto toka mbinguni ukiteketeze. Uchungu wao ulikuwa wa kibinadamu kabisa: walikuwa wamechoka, wamenyimwa mahali pa kulala, na watu wenyewe walikuwa wa kabila walilolichukia tangu zamani. Lakini hawakusema, “Tumechoka na tumedharauliwa.” Walitaka mbingu iwalipizie. Bwana wetu Yezu Kristu aligeuka akawakemea, si Wasamaria, bali wao. Kisha wakaenda kijiji kingine. Injili haina habari ya moto ule kwa sababu haukuwaka.

Yuko atakayeuliza: ikiwa dini yaweza kuazimwa na kila mwovu, ina faida gani basi? Faida yake ni kwamba yaweza pia kukataa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mwa Kenya, lilizuiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla yake, katika jimbo lile lile, abiria 28 walikuwa wametengwa na wenzao Waislamu na kuuawa. Safari hii wapiganaji waliamuru tena Waislamu wajitenge na Wakristu. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika Wakristu hijabu zao, na watu wakasema: tuueni sote au mtuache sote. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyepigwa risasi siku ile alifariki kwa majeraha yake mwezi uliofuata. Wale hawakuiacha dini yao ili kuwaokoa majirani; waliishika. Waliombwa jina la Mungu kwa kazi ya kuchinja, wakajibu kwamba haliazimwi.

Kinyume chake ni habari ya Rwanda, nasi tusiipite kwa kuwa inatuumiza. Mwaka 1994 nchi ile ilikuwa imejaa Wakristu, walio wengi Wakatoliki. Hapakuwa na dini mbili za kugombana. Waliouawa katika makanisa ya Ntarama na Nyamata walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale yaliyowabatiza wauaji. Wengi wao walikimbilia kanisani kwa kuwa walidhani jina la Mungu lingekuwa ukuta. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za wana wake katika maovu yale, wakiwamo mapadre na watawa. Pale dini haikuazimwa ili kuwasha moto tu. Pale, kwa wengi, ilinyamaza ilipopaswa kukataa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tungekuwa wa dini moja tungekuwa salama. Usalama hauko katika kuwa wamoja wa jina. Uko katika kujua jina lile si la nani.

Basi yatupasa nini? Kwanza, kila ugomvi unapoletwa mbele yetu umevaa nguo za dini, tuulize swali moja kabla ya mengine yote: kinachogombewa hasa ni nini? Tusione haya kuuliza habari za shamba, za fedha, za nafasi ya kazi. Mara nyingi tukiuvua ugomvi nguo zile tutaukuta ni mdogo, nao waweza kugawanywa.

Pili, kila kiongozi awakemee kwanza walio wake. Padre anayewahutubia Wakristu juu ya makosa ya Waislamu hahatarishi kitu, na Shehe anayefanya vivyo hivyo kwa upande wake hahatarishi kitu. Wote wawili watashangiliwa. Kazi ngumu ni kuwaambia watu wako mwenyewe kwamba safari hii wanakosea. Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, uliwataka Wakristu na Waislamu wayaache ya kale na kutafuta kwa moyo mnyofu kuelewana. Kuelewana huko hakutaanza Roma. Kutaanza mahali Padre na Shehe watakapokataa kushangiliwa.

Tatu, tuuponye uchungu kabla hajaja mtu wa kuupa jina. Kijana wa kwetu asiye na shamba wala kazi, anayeona wengine wakila naye ananusa tu, ni kuni kavu. Kumfundisha dini njema ni lazima, lakini haitoshi. Asiyemtendea haki anamwandalia mwalimu mwingine. Vijana wa upande huu wa Ruvuma nao walivuka kwenda kupigana ng'ambo. Tusiseme kwamba moto ule ni wa jirani.

Sasa turudi Mkomaindo, kwa kuwa tumemwacha marehemu hajazikwa.

Saa zilikuwa zimepita, nasi tulikuwa tumekwisha kifunua kitabu chetu. Shehe naye alikuwa na mashahidi wake wa msikitini. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila hoja ilizidi kuwa kali. Ndipo alipoinuka dada wa marehemu, bibi mzee, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni, akasimama katikati ya mikeka miwili.

“Wanangu,” akasema, “mnamgombea baba yenu, au mnaigombea mikorosho?”

Hakuna aliyejibu. Naye akaendelea: “Kwa desturi ya wazee wetu mirathi hufuata upande wa mama. Basi wa kwanza kudai ningekuwa mimi na watoto wangu. Mimi sidai. Sasa semeni ninyi.”

Yakatoka yote. Watoto Wakristu walikuwa wameambiwa kwamba baba yao akizikwa Kiislamu, mirathi itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na katika sheria ile asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Watapoteza shamba walilolipalilia tangu utoto. Watoto Waislamu waliogopa kwamba akizikwa Kikristu, ndoa ya mama yao itahesabiwa si kitu, nao watatolewa nje ya nyumba. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Lakini asubuhi nzima hofu zile zilikuwa zimesema kwa kinywa cha Mungu, na sisi, Padre na Shehe, tulikuwa tumewaazimisha kinywa hicho.

Wazee waliketi. Mbele ya Shehe na mbele yetu watoto wote waliahidiana kuligawa shamba kwa mapatano, kila mmoja apate sehemu yake, na mjane abaki katika nyumba yake. Ikaandikwa, wakatia sahihi. Kisha bibi yule aliulizwa kaka yake alitaka azikwe vipi. Akasema mwaka uliopita alimwambia kwamba anataka kulala karibu na mke wake wa kwanza, lakini kwamba anasali msikitini na asiaibishwe kwa hilo. Basi Shehe alimsalia, akazikwa kwa sanda katika shamba lake, hatua chache toka kaburi lenye msalaba. Watoto wa mikeka yote miwili walishika jembe kwa zamu.

Sisi tulisimama pembeni na kitabu kimefungwa. Kitabu cha Ubatizo ni shahidi wa neema ambayo Mungu alimpa mtu. Si hati ya kumiliki maiti yake. Jioni tulimwombea katika Misa, tukamwachia Mungu ahukumu yaliyo yake. Hatukushinda siku ile, na Shehe naye, tukimsikiliza alipotuaga, hakujiona mshindi. Alitushika mkono akasema tu, “Padre, leo tumeponea kwa bibi.”

Kile kijikaratasi tulichokiweka katika ukurasa wa kitabu bado kipo. Tumekiacha makusudi, ili kila tukifungua kuandika jina la mtoto mchanga tukione, na kukumbuka tulikwenda Mkomaindo na nini kwapani.